Kuku Kwenye Kiti cha Mtemi

"Hivi Mama Venant, kiti cha mtemi ndiyo unakiwekea kuku?"

Jirani yangu Monika aliniuliza hivyo asubuhi moja alipoingia jikoni kwangu kuomba moto. Nilikuwa nimeinama napuliza kuni. Nikageuka kuangalia anakoonyesha. Kweli, kuku wangu mwekundu alikuwa amelalia mayai juu ya kile kiti cheusi cha miguu mitatu, ametanua mabawa, anatuangalia kama vile sisi ndio tumeingia kwake bila hodi.

"Sijamweka mimi," nikamjibu. "Amejiweka mwenyewe."

Monika akacheka mpaka kigae chake cha kubebea kaa kikamdondoka. "Basi huyo ndiye mtawala wetu kwa sasa. Na afadhali yeye, atatuangulia vifaranga. Zefania ametuangulia nini?"

Zefania alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Mwaka ulikuwa wa tisini na saba, mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetutupa, na kila mtu alikuwa na neno la kumsema mwenyekiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha baba mkwe wangu. Yeye ndiye alikuwa mtemi wa mwisho huku kwetu, upande wa Kibaoni. Baada ya uhuru serikali ilipofuta utemi, mzee hakubishana na mtu. Ngoma aliitoa, mkuki aliutoa, kiti akakibakiza kwa sababu, alisema, mtu anahitaji kukaa. Alipofariki kikaja kwa mume wangu Stanslaus, na Stanslaus hakukikalia hata siku moja. Niliwahi kumwuliza padri kama ni dhambi kukiweka nyumbani. Akaniambia, "Mama, kiti ni kiti. Usikisalie tu." Nikaridhika.

Stanslaus alipokuwa anaumwa ule ugonjwa uliomchukua, aliniambia maneno machache tu juu ya kile kiti. "Mtu akija kukitaka, usimnyime wala usimpe. Mpeleke bwawani." Nikamwambia sawa, nikamfunika blanketi.

Aliyezaliwa juzi hawezi kulielewa neno hilo, kwa hiyo nilieleze. Mto wetu ukikauka wakati wa kiangazi, maji hubaki kwenye bwawa moja, na samaki wote wanakimbilia humo, kambale na perege. Zamani hakuna aliyetega mgono, ule mtego wetu wa samaki, humo mpaka siku ya kufungua bwawa. Siku hiyo mtemi ndiye aliyeingia majini wa kwanza. Alibeba kiti chake mwenyewe, akakikita kwenye matope, akakaa, maji yanamfika kiunoni na ruba wanamnyonya miguu. Halafu yeyote mwenye neno juu yake alilisema pale pale, mbele ya watu wote. Mtemi haruhusiwi kujibu mpaka wote wamalize. Akishatoka ndipo anajibu, anaamua, na watu wanaingia kuvua. Na yeye samaki wake anachukua wa mwisho, baada ya mjane na baada ya mgeni.

Niliiona kwa macho yangu nikiwa bi arusi mpya. Mama mmoja mfinyanzi alimwambia baba mkwe kwamba amemwozesha binti yake kwa mlevi kwa kuwa mlevi huyo ni rafiki yake. Baba mkwe alikaa kimya, midomo inatetemeka kwa baridi au kwa hasira, sijui. Evarist, mdogo wake Stanslaus, alikuwa bado mtoto wa kushika nguo za watu. Siku ile aliingiza kichwa chake kwenye kanga yangu asione baba yake akisemwa. Nilimsikia analia humo ndani.

Evarist huyo huyo ndiye aliyerudi mwaka wa tisini na saba.

Alikuwa amestaafu ukarani huko Mpanda mjini. Alishuka kwenye lori pale Kibaoni na redio yake, godoro, na koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini. Mimi nilifurahi. Ni shemeji yangu, na nyumba isiyo na sauti ya mwanamume huwa inapoa. Nilimchinjia jogoo. Wazee walianza kuja barazani kumsikiliza, maana Evarist anajua kuongea, hilo hakuna wa kumnyima.

"Nyie niambieni," alisema jioni moja, jua bado lipo, wazee wanakunywa togwa yangu. "Bwawa linaibwa alfajiri kila siku, watu wanatega kabla ya kufungua. Mwenyekiti anasema nini?"

"Anasema anasubiri maelekezo ya kata," akajibu Mzee Melkiadi, katekista wetu.

"Na kata?"

"Inasubiri wilaya."

"Na wilaya inasubiri nani? Samaki?" Wazee wakacheka. Evarist akapandisha sauti. "Baba yangu hakuwa na wilaya ya kusingizia. Akikosea, kosa ni lake, na kila mtu anajua mlango wa kwenda kugonga. Hawa wa kuchaguliwa wanapita kama wasafiri. Leo yumo, kesho hayumo, nani atapanda mti ambao hatakaa kivulini mwake? Nchi inataka mtu ambaye ni wa hapa, baba yake wa hapa, mtoto wake wa hapa. Huyo ataogopa kuiharibu."

Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni, nikaona kuna ukweli humo. Zefania mwenyewe alikuwepo, amekaa mwisho wa mkeka. Ni fundi cherehani, mtu mpole, mfupi, sindano zimechomekwa kwenye ukosi wa shati.

"Kaka Evarist," akasema taratibu, "mimi mkinichoka mtanitoa kwa kura. Mtemi akiwachosha mtamtoa kwa nini?"

"Hatachosha."

"Aa, basi hapo umenishinda. Mimi mke wangu tu nimeshamchosha." Watu wakacheka, lakini walikuwa wanamcheka yeye.

Siku ya pili yake Evarist aliniomba kiti. Aliniomba kwa heshima, kofia mkononi. Alisema wazee wengi wamekubali, siyo kupindua serikali, la, Mungu apishe mbali, ila awe mtu wa kushika mila na kulisimamia bwawa, na mwenyekiti abaki na mihuri yake. Halafu akanieleza atakaloanza nalo.

"Kwanza ng'ombe wa Wasukuma hawatakanyaga tena bwawani. Warudi walikotoka."

Hapo ndipo roho yangu iliposimama. Wasukuma aliowasema, kwa kijiji chetu, walikuwa ni Masunga na watoto wake. Masunga alihamia na ng'ombe zake miaka michache nyuma akitokea kaskazini, akajenga ng'ambo ya mto. Mwaka aliofariki Stanslaus, msimu wa kulima ulinikuta bado nina kitambaa cheusi kichwani na jembe liko pale pale alipoliacha mwenyewe. Niliamka asubuhi nikasikia sauti ya watu shambani. Ni Masunga, ameleta maksai na plau, analima. Hakuitwa. Nilipompelekea uji aliniambia, "Mayu, ng'ombe hajui kabila la udongo." Tangu hapo ananiita mayu, yaani mama, na ana mvi kunishinda. Bwawa likifungwa kwake, ng'ombe zake zitakufa kiangazi kile, na yeye atahama au atafia njiani.

Nikimpa Evarist kiti, nimemfukuza Masunga. Nikimnyima, ukoo utasema mwanamke wa kuolewa amekalia urithi wetu, na kusema kweli wangekuwa na haki ya kusema. Nilishika rozari yangu nikasali nikiwa namenya mihogo, nikasali nikiwa nateka maji. Masunga alikuja akasimama nje ya ua, hakuingia.

"Mayu, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia. Sikuombi kitu. Nimekuja kukuangalia tu kama uko mzima." Akaondoka. Afadhali angeniomba.

Jumapili baada ya ibada, Evarist aliniuliza mbele ya wazee, pale nje ya kigango. "Shemeji, kile kiti unanipa au hunipi?"

"Sikunyimi, shemeji," nikasema. "Ila marehemu kaka yako aliacha neno. Anayekitaka nimpeleke bwawani. Jumamosi tunafungua bwawa. Nitakuja nacho."

Wazee waliitikia kwa pamoja, "Eee!" Niliona macho yao yanang'aa kama ya watu waliokumbushwa chakula cha utotoni. Mzee Melkiadi alipiga makofi. "Kumbe! Bwawani! Ndiyo penyewe!"

Evarist alitabasamu, lakini alishika kifungo cha koti lake akakizungusha. "Mambo ya kukaa kwenye matope yalikuwa ya wakati ule, shemeji. Tutafanya kwa utaratibu wa kisasa."

"Tutaona huko huko," nikamwambia.

Jumamosi ilipofika nilimwinua kuku mwekundu nikamhamishia mayai yake kwenye tenga. Aliniparua mkono. Monika alikuwa amesimama mlangoni na debe lake la samaki kichwani. "Mtawala ameng'olewa," akasema. "Hata kura haikupigwa." Nilikisugua kiti kwa majani na mchanga, nikakifunika kwa kanga, tukaenda.

Kijiji kizima kilikuwepo. Wanaume na migono yao, wanawake na vikapu, watoto wamepanda kwenye kichuguu. Masunga na vijana wake walisimama ng'ambo, ng'ombe wamewaacha mbali. Bwawa lilikuwa limepungua, rangi ya chai ya maziwa, samaki wanaonekana wakirukaruka. Mzee Melkiadi alisali, tukaitika amina. Nikaweka kiti ukingoni, nikafunua kanga. Watu wakasogea kukiona. Evarist alikuwa amevaa lile koti na viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi mpaka vinaonyesha mawingu.

Alihutubia. Alisema vizuri juu ya umoja, juu ya wazazi wetu, juu ya nchi ambayo haina mwenyewe. Tulipiga makofi, hata mimi. Alipomaliza akainama kukivuta kiti akikalie pale pale ukingoni.

"Baba," Mzee Melkiadi akamwambia kwa upole, "maji hayo."

"Nayaona maji."

"Basi ingia."

"Nitawasikiliza hapa hapa pakavu, mzee. Masikio yangu ni mazima."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ruba naye anataka kukutana na mtemi!" Vicheko. Masunga akapaza sauti toka ng'ambo, "Ng'ombe wangu wanaingia kila siku na hawana viatu!"

Evarist uso ulibadilika. "Nyie mnacheka! Kiongozi wa watu hawezi kukalishwa kwenye tope atukanwe na kila anayepita. Heshima ya utawala itabaki wapi? Nani atamwogopa baadaye?"

Mimi nilimwangalia. Sikumwona karani wa Mpanda. Nilimwona yule mtoto aliyeficha uso kwenye kanga yangu. Sote tulidhani ameisahau desturi ya nyumbani kwao kwa sababu ya mji. Hakuisahau hata kidogo. Alikuwa anaikumbuka kuliko sisi sote, na aliiogopa tangu siku ile.

Ndipo Zefania alipovua kandambili zake, akaziweka pamoja vizuri kama mtu anayeingia kanisani, akanisogelea.

"Mama Venant."

"Mwenyekiti, kiti hiki ni cha ukoo," nikasema haraka. "Siwezi kukupa."

"Sijaomba kiti." Akamgeukia Monika. "Nikopeshe debe."

"Debe langu la samaki?"

"Hilo hilo."

Monika alilitoa huku mdomo wazi. Zefania alikunja suruali, kazi bure maana maji yalimpita magotini mara moja, akaenda mpaka katikati, akaligeuza debe chini juu, akalikandamiza kwenye matope. Akakaa. Debe likainama upande, nusura aanguke, watu wakapasuka kwa kicheko. Akalirekebisha akakaa tena. Maji yakamfika kifuani, ni mfupi yule.

"Haya," akasema. "Semeni."

Monika, ambaye debe ni lake, akasogea ukingoni. Hakuwa anacheka tena.

"Zefania. Mume wangu alipoumwa nilikuja kwako kuomba baiskeli ya kijiji nimpeleke zahanati. Ukaniambia ni mbovu. Kesho yake nikamwona shemeji yako nayo sokoni Kibaoni, amepakia mchele. Mume wangu nilimbeba kwa mkokoteni. Hajatembea vizuri mpaka leo. Nimekaa na neno hili kifuani, nikikutana na wewe nakuamkia, na neno linanikaba."

Zefania alifungua mdomo. "Usijibu!" watu wakapiga kelele. Akaufunga.

Wakaendelea. Mmoja alisema mwenyekiti anajua wanaoiba samaki alfajiri ila ni jamaa zake. Mwingine alisema kila kitu yeye anasingizia kata. Masunga akavuka, akasimama majini karibu naye, maji yanamgusa paja.

"Mwenyekiti, vijana wangu unawatoza faini ng'ombe wakikanyaga mgono. Mbuzi za kijiji zikila mahindi yangu unasema mbuzi ni mnyama, hana akili. Mimi naomba na ng'ombe wangu uwahesabu wanyama."

Kicheko kikubwa, na Masunga mwenyewe hakucheka hata kidogo.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa sikukusudia kusema, lakini miguu ilinipeleka. "Mwanangu Zefania, mimi ni mjane na wewe ni fundi. Nguo yangu ya WAWATA, ya akina mama wa kanisani, nilikuletea kabla ya Pasaka. Pasaka imepita, Pentekoste imepita, Kupalizwa Bikira Maria kumepita. Wenzangu wote wanaandamana na sare, mimi niko nyuma kama mpagani."

Watu waligaragara. Zefania akaziba uso kwa viganja.

Alipotoka alikuwa anatetemeka, ruba wawili wamemganda kwenye shavu la mguu, damu inachuruzika. Hakuwatoa kwanza. Alijibu akiwa amesimama hivyo hivyo. Alimwambia Monika baiskeli ilikuwa nzima na yeye alidanganya, na kuanzia leo itakaa kwa Mzee Melkiadi, anayeumwa ndiye wa kwanza. Wezi wa alfajiri aliwataja kwa majina, wa kwanza shemeji yake, na akasema hao leo hawataingia kuvua, watabeba tu mizigo ya wazee. Ng'ombe wa Masunga watakunywa upande wa chini, jua likishapanda, na mbuzi nao wana faini.

"Umeuliza kata?" mtu akachokoza.

"Kata haikukaa kwenye debe," Zefania akajibu.

Halafu akaniangalia. "Nguo ni Jumamosi ijayo, mama."

"Nitakuja na debe," nikasema.

Basi bwawa likafunguliwa. Wanawake tulipiga vigelegele, migono ikaingia, matope yakatifuka, watoto wakashuka kichuguuni wakipiga mayowe. Vijana wa Masunga walishikana na vijana wetu kumtoa kambale mmoja mkubwa kama paja la mtu. Nilivua mpaka kanga ikawa nzito. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa kuvua na watu ambao hakuna mmoja wao anayekuchungulia kikapuni. Ugomvi wa miezi yote ile sijui ulikwenda wapi, labda uliondoka na wale ruba.

Wakati wa kugawa wale samaki wa pamoja, mjane alitangulia, yaani mimi. Masunga akafuata kwa kuwa ndiye mgeni, ingawa alilalamika kwamba mgeni gani ana mvi. Watu wakapita, wakapita. Zefania akasimama mwisho wa mstari, amelowa, anapiga chafya.

Nikamtafuta Evarist kwa macho. Muda wote ule alikuwa amekaa kwenye gogo, peke yake, kiti kiko mbele yake kama kilivyokuwa. Nikamwona anainama. Alikuwa anafungua kamba za viatu. Akavivua, akavishika mkononi, akaja akikanyaga tope taratibu kama mtu anayeonja maji ya kuoga, akasimama nyuma ya Zefania.

Zefania akageuka. "Kaka, pita mbele basi."

Evarist akatikisa kichwa.

"Wa mwisho ni mimi, ndiyo desturi."

"Leo niachie hiyo," Evarist akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Zefania akamwangalia kidogo, akapokea perege wake, akampisha. Evarist akabakiwa na kakambale kadogo kama kidole. Akakafunga kwenye leso akakaingiza kwenye mfuko wa koti, lile koti zuri.

Tulirudi nyumbani wote wawili. Kiti alikibeba yeye, begani, kama nilivyowahi kumwona baba yake akikibeba, na viatu vinaning'inia shingoni kwa kamba zake. Nilikuwa nahesabu shanga za rozari kwa kidole, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Jikoni kuku mwekundu alikuwa anazunguka tenga, amekasirika, mayai hataki kuyakalia humo. Evarist alikiweka kiti kwenye kona yake, akakitikisa kuona kama kimekaa sawa. Akatoa yai moja moja kutoka kwenye tenga akayapanga juu ya kile kiti kwa uangalifu. Akamshika kuku kwa mikono miwili, akaparuliwa, asimwachie, akamweka juu ya mayai yake. Kuku akajitikisa, akatanua mabawa, akatulia.

"Kaa ule, shemeji," nikamwambia. "Naweka sufuria sasa hivi."

Alitoa wale samaki wake mfukoni, yaani yule mmoja na leso yake, akamlaza karibu na jiko langu. Akamwangalia kuku mara moja tena, akainamisha kichwa chini ya paa, akatoka kwenda kunawa tope miguuni.